Shaba Inapovua Blanketi

Kwetu Tanzania, mtu akiboronga tunasema amechemsha. Kwa hiyo nilipompigia simu rafiki yangu wa Farsta, kitongoji cha hapa Stockholm, kumlalamikia kuhusu hesabu zangu, alicheka mpaka akakohoa. "Shoga yangu, kazi uliyopewa ni kuchemsha, na wewe umechemsha!"

Nilinuna, ingawa alisema kweli. Kwenye maabara yetu nilikuwa nimekokotoa muda ambao tufe la shaba lingetumia kupoa ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Hicho ni kitu cha baridi kali mno, hata shaba ya mezani kwake ni moto, na kikiigusa kinachemka. Hesabu yangu ilisema tufe litapoa upesi. Tufe likakataa, likajichelewesha kama bibi harusi. Msimamizi wangu, Mswidi mpole, akasema hesabu isipolingana na kipimo kufikia Ijumaa, kazi atampa mwenzangu. Nami kazi ile niliipenda, jamani. Roho iliniuma.

Jioni, nyumbani Spånga, nikapika chapati kwa hasira. Nikarusha matone ya maji kwenye kikaango kuona kama kimepata moto. Matone hayakukauka. Yalikimbia huku na huku yakicheza.

"Titta, mamma!" binti yangu akaniambia nitazame.

Nikatazama, safari hii kwa makini. Maji hayakugusa chuma, yalikalia mvuke wake yenyewe. Basi na shaba yangu ndivyo ilivyo! Mwanzoni inajifunika blanketi la mvuke, joto linatoka kwa shida, na mimi nilikokotoa kana kwamba kimiminika kinaigusa tangu mwanzo. Chapati ikaungua, nikaicheka.

Ijumaa nikaja na hesabu ya sehemu mbili, kabla blanketi halijapasuka na baada ya hapo. "Likipasuka tutalisikia," nikamwambia msimamizi, nikaandika ubaoni ni lini. Tukazamisha tufe. Kimiminika kikatokota polepole. Muda wangu ukakaribia, ukafika, na hakuna kitu. Msimamizi akaangalia saa. Nikajiona sina kazi.

Sekunde chache baadaye, chaaa! Kimiminika kikachachamaa, mvuke ukamwagika mezani, na kwenye kompyuta mstari wa joto ukaporomoka.

"Inte dumt," akasema msimamizi, yaani si upumbavu. Mswidi hana sifa kubwa kuliko hiyo. Mimi ni mtu wa Tanga, nikapiga vigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.