Santuri Iliyofunika Mtungi

Juzi mjukuu wangu Yona alifungua boksi pale sebuleni, na harufu iliyotoka humo ikanikasirisha kabla hata sijaona kilichomo. Ni ile harufu ya plastiki mpya na raba, ya kitu kilichofungiwa gizani kwa muda mrefu. Kumbe ilikuwa deki ya kuchezea sidii za picha, amepewa dukani aijaribu kwanza. Dada yake Editha akaja juu.

"Hii inacheza zile za kizamani tu. Siku hizi kuna nyingine, picha yake kali, na ina deki yake. Unanunua kitu kinachokufa?"

"Hizo zako kali nani anaziuza Tabora hii? Tutakaa tunaangalia deki tupu?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja aliisifu ya kwake, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka sidii ya harusi ya marehemu mama yao, binti yangu Rebeka, ambayo imo kabatini mwangu chini ya kanga. Nikanyanyuka nikaenda uani. Walidhani bibi amechoka makelele. Wala sikuchoka. Nilikuwa nimerudi Goweko, kwenye shamba la baba yangu Yakobo, na damu ilikuwa inanichemka.

Ninyi mnaonisoma niwaeleze vizuri, maana jambo hili sijawahi kulisimulia likaeleweka.

Kwetu Goweko watu walilima kwa zamu. Leo shamba lako, kesho kutwa la jirani. Mnapanga mstari, mpiga ngoma anasimama mbele, mwimbishaji anatoa wimbo, na majembe yote yanashuka pamoja kama jembe la mtu mmoja. Mwenye shamba hutoa pombe. Sisi tulikuwa Wamoravian, kwetu pombe haikuingia, tulitoa togwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Sasa nani aache pombe ya jirani aje kulimia togwa? Walikuja. Walikuja wengi kuliko kwa mtu yeyote, kwa sababu mwimbishaji alikuwa mama yangu, Nyamizi.

Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, ilipanda juu ya ngoma ikakaa huko. Ukiwa kisimani ulijua mama ameanza. Wimbo wake mkubwa aliurithi kwa babu yake aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe mpaka pwani na kurudi kwa miguu yake. Ulikuwa wimbo wa kuwapa watu hatua moja njiani. Mama aliugeuza ukawa wa majembe. Mzee Kashinde, mpiga ngoma wetu, mtu wa tumbo na vicheko, alikuwa akisema, "Nyamizi akiimba hata magugu yanajing'oa yenyewe."

Basi wakapita watu na gari, wanakusanya nyimbo. Walimsimamisha mama mbele ya chuma chao cha kunasia sauti chini ya paa la ghala la mahindi, akaimba, wakashukuru, wakaondoka. Baadaye baba mdogo Eliasi, aliyekuwa anafanya kazi relini Tabora mjini, akaja na treni amekumbatia santuri. Nyeusi, kubwa, nzito kama sahani ya udongo, na ukiiangusha inavunjika kama hiyo sahani. Mama alimwomba amsomee karatasi ya katikati. Baba mdogo akasoma: wimbo wa kulima, Unyamwezi.

"Na jina langu?"

"Halipo, shemeji."

Unyamwezi waliijua, eti! Mimi hapa nawajua kwa majina watu wote wa mstari ule, namjua mpaka fahali wetu, Shilingi, na yule mbwa aliyekuwa anamfukuza, Twende. Wao walishindwa kuandika jina moja la mtu aliyewaimbia bure.

Mama hakulalamika. Aliizungushia kanga akaiweka sandukuni, akangoja mashine ya kuisikilizia. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa nayo. Kwa hiyo baba alipouza tumbaku ya mwaka ule, sisi watoto tulijua kinachonunuliwa, na mama alijua, ingawa alijifanya yuko kwenye mboga.

Shauri lilikaliwa ndani ya bani, mle tunamokaushia tumbaku, katikati ya majani yanayonuka utamu na moshi. Mashine zilikuwa za aina mbili mjini. Moja ya zamani, gramafoni ya kuzungusha hendeli, inayocheza santuri kubwa. Nyingine mpya, ndogo kama mkoba, inakwenda kwa betri, inacheza santuri ndogo za plastiki.

"Kubwa zimekwisha, kaka," alisema baba mdogo Eliasi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya relini mle ndani ya bani. "Mjini wanazitupa. Hizi ndogo ukiziangusha hazivunjiki, na nyimbo zote mpya zinatoka humo. Ununue maiti?"

Mzee Kashinde akacheka. "Na hayo mabetri yakiisha, Goweko hii utayachuma kwenye mti gani? Hendeli haiishi, mkono ninao."

"Mzee, wewe hata baiskeli ulisema haitafika huku."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamaliza shauri. Baba alitaka mashine ambayo watu wangeikimbilia kuja kulima. Alitaka na santuri ya mama iimbe. Mama alikuwa mlangoni, ameshika ungo. Aliuliza mara moja tu: "Hiyo ndogo itaimba yangu?"

Baba mdogo akachukua santuri ya mama, akachukua na moja ndogo aliyokuja nayo, akazipanga pamoja, akachungulia katikati kwa jicho moja. "Tundu ni lile lile, shemeji. Itaimba."

Na wanaume wote wakachungulia tundu, mmoja baada ya mwingine, wakaridhika. Mpaka leo nawaona. Shauri zima la nyumba yetu likaamuliwa kwa tundu!

Siku ya palizi watu walijaa mpaka togwa tuliogopa haitatosha. Baba aliiweka mashine juu ya kigoda pembeni mwa shamba, akafungua kifuniko, na ile harufu ya plastiki na raba ikatoka. Kwanza zikapigwa nyimbo za mjini. Tamu, nakubali, lakini zilikuwa za kiuno. Jembe halikujua lishuke wapi. Huyu anainua, yule anashusha, Limi binti wa jirani akajigonga dole gumba, mstari ukawa kama meno ya mzee. Ndipo watu wakapiga kelele, "Tuwekee Nyamizi!"

Santuri ya mama ilikuwa kubwa kuliko mashine yenyewe. Ilining'inia pande zote kama kofia ya pama kwenye kichwa cha mtoto. Lakini tundu liliingia, ikazunguka. Mama alikuwa amejifunga kanga mpya. Aliegemea jembe lake, kainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa kanisani.

Likatoka dume. Sauti nzito, nene, inayojikokota, inavuta kila neno kama ng'ombe anayetolewa matopeni. Wimbo ulikuwa wenyewe, maneno yalikuwa yenyewe, lakini aliyeimba alikuwa mwanamume mgonjwa.

Majembe yakabaki hewani. Kisha Mzee Kashinde akashindwa kujizuia. "Jamani! Kumbe Shilingi naye alirekodiwa!"

Watu wakaanguka chini kwa kucheka. Kashinde alicheka kashika ngoma, Limi alicheka kashika dole lake, mkulima mwenzetu Mayunga akaigiza ile sauti huku akitembea kama fahali. Mama alingoja wamalize. Akageuka kututazama sote, akauliza taratibu, "Ndiyo mimi huyo?"

Hakuna aliyemjibu. Akamtazama baba mdogo.

"Mashine haidanganyi, shemeji," alisema Eliasi. "Sisi tumekuzoea tu."

Mama aliitoa santuri yake mwenyewe, akaifunga kanga, akaenda nyumbani. Hakuimba tena. Si shambani, si kanisani, si kwa mtoto mgongoni. Msimu uliofuata watu walikuja wachache, na uliofuata hakuja mtu, maana togwa peke yake haimvuti mtu shambani. Magugu yakaifunika karanga yetu. Mabetri yalishaisha zamani, na mashine ikawa kiota cha kuku. Santuri mama aliifunikia mtungi wa maji jikoni. Ilienea vizuri, alisema.

Mimi nilikua, nikaolewa, nikaletwa hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Na mimi niliamini. Niliamini kwamba mama yangu alikuwa na sauti ya fahali na mapenzi ya mtoto ndiyo yaliyoniziba masikio. Mpaka siku moja tuko kwa jirani yangu Bi Zuhura, tunachambua mchele wa harusi, ametoa gramafoni ya hendeli ya marehemu baba yake. Mwanamke anaimba juu ya santuri kubwa, sauti nyembamba kama uzi. Mara ikaanza kushuka. Ikawa nzito. Ikawa dume linalojikokota. Nikaacha ungo.

"Mpeni uji, amechoka!" akasema Bi Zuhura, akazungusha hendeli, na yule mwanamke akapanda tena, taratibu, mpaka juu kabisa kwenye sauti yake.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini, Hana?"

"Iache ichoke tena."

Aliiacha ichoke. Nikasikiliza mwanamke akigeuka dume kwa sababu tu mashine inakwenda polepole. Mchele niliumwaga.

Treni ilipofika Goweko sikusubiri hata mtu wa kunibebea mzigo. Baba mdogo Eliasi alikuwa amestaafu amerudi kijijini, nikampitia kwake njiani, nikamwamkia, nikamuuliza. Akakuna kichwa. "Mwenye duka alisema mwendo wa hizi ndogo ni wa polepole kuliko wa zile kubwa. Nikaona si kitu. Tundu lilikuwa lile lile, Hana." Nikajitwika mzigo wangu nikaondoka, maana ni baba yangu, na ningemjibu vibaya.

Mama nilimkuta jikoni. Santuri ilikuwa bado juu ya mtungi, imepinda kwa joto la mafiga kama jani la tumbaku, hakuna sindano ya mashine ambayo ingeifuata. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anasonga ugali. Akaupakua. Ndipo akasema, "Waliocheka, nani yuko hai?"

Nikamtajia. Kashinde yupo, haoni vizuri. Limi yupo. Mayunga amehamia Usinge, ana shamba karibu na msitu. Wengine nikawataja na makaburi yao.

"Waite waliopo. Karanga yangu ina magugu."

Walikuja, wazee watupu, na majembe yao. Kashinde akashikwa mkono mpaka kwenye ngoma. Mama akasimama mbele ya mstari, akafungua mdomo, akatoa wimbo wa babu yake. Sauti ilikuwa imekaa kimya miaka mingi mno. Ilitoka nzito, nene, inajikokota, kama ile ya mashine. Hakuna aliyecheka. Majembe yalishuka pamoja.

Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile mashine ilimfichua mama. Ukubwani ndipo nimeelewa kwamba katika shamba lile yeye peke yake ndiye hakuwahi kukaa mbali akasikia sauti yake ikimfikia kisimani. Sisi tuliisikia kila msimu. Alitugeukia akatuuliza sisi, tunaomjua, na sisi tukaiachia mashine imjibu.

Kwa hiyo nilirudi sebuleni, nikaitoa sidii ya harusi ya Rebeka kabatini, nikamwekea Yona mapajani. Editha akaanza tena habari ya picha kali.

"Nendeni dukani, mkaichezeshe hii kwenye kila deki," nikawaambia. "Na mimi nakuja. Nataka nimwone mwanangu akicheka kwa mwendo wake."