Paka wa Muuza Mchele

Walisema sitamaliza mwezi. Niliporudi Same kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya upigaji picha, nikatangaza kwamba nitaishi kwa kuwapiga picha watu barabarani pamoja na wanyama wao, stendi nzima ilicheka. "Kila mtu ana simu. Nani akulipe umpige picha na mbwa wake, mbwa mwenyewe hata jina hana?" Baba mdogo, mkulima wa tangawizi huko milimani, alisema nje ya kanisa watu wote wakisikia, "Mwanangu huyu amesoma mpaka amepotea."

Hata hivyo alinikopesha. Shangazi yangu wa Vudee naye alinikopea kwenye kikoba chake cha kuweka na kukopa, na fundi redio mmoja wa mjini akaniachia printa ndogo kwa ahadi ya mdomo. Sharti likawa moja: tangawizi ikivunwa kabla sijawalipa, kamera inauzwa, wao wagawane. Kamera hiyo niliinunua kwa mgongo wangu, nikibeba mizigo Kariakoo mchana na kusoma jioni. Hakuna aliyenisomesha. Nilijisomesha.

Nilianza kama chuo kilivyonifundisha: mnase mtu kabla hajajua. Asubuhi ya kwanza sokoni nikamwona mzee muuza mchele, na juu ya gunia lake paka wa manjano amejinyoosha kama mwenye duka. Jua lilikuwa limetoka tu na kila unywele wa mgongo wa paka yule uling'aa. Moyo ulinidunda! Nikabofya, nikabofya tena, kisha furaha ikanishinda nikapaza sauti, "Loo! Paka mnene huyu! Hakuna paka mzuri kama huyu Same nzima!"

Mzee akavua kofia yake, akamfunika paka kichwa.

"Kijana, salamu huna?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, ingawa imechelewa. Unamsifia mnyama wa mtu hivyo, hata Mashaallah husemi? Unataka anifie?"

Mimi ni mtoto wa Kilutheri kutoka milimani. Neno hilo nimelisikia tangu utoto, lakini sikuwa nimejua kwamba huku tambarare ukisifia mali ya mtu bila kulitamka, sifa yako inahesabiwa kuwa jicho baya.

Kesho yake paka akakataa dagaa.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi mimi nilishitakiwa kwa kesi ya paka, barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, na watu wamejaa mpaka uani. "Huyu jicho lake mwenyewe halikumtosha, akaliongezea la kioo!" alisema mama mmoja muuza nyanya, na hata mimi nilicheka. Mzee hakucheka. Alitaka kamera ifungiwe ofisini. Hapo nilisimama nikajitetea, na najua kusema nikitaka. Mwenyekiti akaamua: kamera nibaki nayo, lakini kila asubuhi niende kumjulia hali paka kwa salamu kamili, na nisimpige mtu yeyote picha sokoni mpaka paka ale tena dagaa.

Huko juu majani ya tangawizi yalikuwa yameanza kuwa ya njano, mavuno yanakaribia.

Nikaenda. Kila asubuhi nikaenda, viatu vimepigwa rangi, dagaa kiganjani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na bwana mkubwa hapo juu ya gunia?"

"Muulize mwenyewe, ana mdomo."

Nami nikainama, nikamuuliza. Watu walianza kuja kusikiliza, na waliokuja kusikiliza waliondoka na mchele. Mama wa nyanya alikuwa akiniitikia kwa niaba ya paka: "Nimeamka na njaa, lakini nakususia wewe!" Soko lilikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona. Hatimaye, asubuhi moja, paka akateremka kwenye gunia, akaninusa vidole, akala dagaa kiganjani mwangu. Watu wakashangilia kama vile timu imefunga goli.

"Mashaallah!" nikasema kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee akamnyanyua paka, akamkumbatia kifuani, akaiweka sawa kofia yake. "Haya. Sasa piga."

Wote wawili walinitazama moja kwa moja. Nasema bila kujificha: darasani kwetu hakuna aliyewahi kupiga picha kama ile, hata walimu. Mzee aliitundika juu ya mizani, na kila aliyepimiwa kilo moja ya mchele aliuliza, "Nani kapiga?"

Wateja walikuja! Nilisalimu mwenye mnyama, nikasalimu mnyama, nikasema Mashaallah, ndipo nikainua kamera. Mama wa Usangi aliteremka na tetea wake kwapani, amemfunga utepe. Mzee wa Kimasai alisimamisha punda mbele ya kibanda nilichofungua sokoni akaamuru, "Punda kwanza. Mimi baadaye." Dereva wa bodaboda wa Lembeni alimpandisha mbwa kwenye kiti cha pikipiki: "Mpige na helmeti, kaka, asije akakamatwa na trafiki." Printa haikupoa. Nilikula nikiwa nimesimama, nikicheka, mikono imejaa wino na manyoya.

Malori ya kubeba tangawizi yalipoanza kupanda mlimani, nilifunga kibanda. Nikamlipa fundi redio. Nikapanda Vudee, nikamlipa shangazi, akapiga vigelegele peke yake jikoni. Baba mdogo nilimkuta shambani na vibarua wake wakijiandaa kuanza kuvuna, nikamkabidhi bahasha mbele yao wote, kama alivyonisema mbele za watu.

"Umezipata wapi?"

"Kwa paka, baba mdogo."

Alihesabu, akahesabu tena, kisha akajifuta udongo na kunipa mkono. Nilishuka mlima kamera ikiwa begani, na siku ile hapakuwa na mtu, Same wala milimani, aliyekuwa akinidai hata senti.