Tatu Iliyokosekana

Juzi, hapa Kitale, nilikuwa napita mlango wa saluni, harufu ya rangi ya kucha ikanisimamisha. Wengine labda huwaza urembo. Mimi niliona ofisi ya Mama.

Mama alikuwa sekretari katika shule moja ya upili ya wasichana nje ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kompyuta hazikuwa zimetufikia. Mitihani ilipigwa taipu juu ya stensili, ile karatasi laini ya nta, halafu mashine ya wino ikatoa nakala. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu hiyo hiyo ya rangi ya kucha, unangoja ikauke, unaandika tena juu yake.

Taipureta haikuwa na alama za hesabu za juu. Mama aliacha nafasi, alama zikachorwa kwa kalamu ya chuma. Nilipofika darasa la sita kazi hiyo ikawa yangu, kila Jumamosi, mlango umefungwa, maana ugonjwa wa sukari ulikuwa unamla macho. Hakuna aliyejua. Wangejua, angepoteza kazi, nasi tungetoka nyumba ya shule. Tena mtihani haukupaswa kuonwa na mtu ila yeye na mwalimu wa somo.

"Hiyo ndefu, shingo yake ilegee, mayi. Usiikaze kama mpini wa jembe," alinifundisha, akiniita mama kwa lugha ya kwetu, kama wazazi waitavyo binti zao. "Nambari ya chini ni pa kuanzia, ya juu ni pa kuishia." Aliniambia alama hiyo, ambayo walimu huiita integral, hupima shamba ambalo mpaka wake mmoja umepinda. Sijui kama yeye alielewa zaidi ya hapo. Mimi hata leo naandika nikiogopa nimekosea.

Ulikuja mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Katika swali moja alama hiyo ilianzia moja, ikaishia tatu. Tatu yangu ilitoboa stensili. Nikapaka dawa, na ilipokuwa ikikauka nikaendelea na ukurasa wa pili. Sikurudi kuichora tena. Mama alikagua kwa ncha ya kidole, kama kawaida yake. Penye tatu kidole kikakuta kivimbe cha dawa kavu, akadhani nimeshaandika juu yake.

"Iko," akasema.

Siku ya mtihani nilikuwa nimempelekea uji ofisini. Mwalimu Barasa wa hesabu akaingia na karatasi mkononi, mwalimu mkuu nyuma yake.

"Mama Nasimiyu, wasichana wameketi tu, bana! Hii alama inaishia wapi?"

"Inaishia tatu, mwalimu."

"Ati tatu? Si unisomee basi."

Mama akaishika karatasi, akasoma swali lote bila kusita, pamoja na tatu. Alikuwa amelikariri nilipomsomea akipiga taipu. Mwalimu mkuu akaichukua, akaigeuza upande usio na maandishi, akamrudishia.

"Na swali linalofuata?"

Mama akalisoma hilo pia.

Kisha mwalimu mkuu akauliza, polepole, "Nani huchora hizi alama?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Ni mimi, madam. Mkono wangu."

Nisimwonee mwalimu mkuu. Hakupiga kelele. Alimtuma Mwalimu Barasa akaandike ile tatu ubaoni, na mwisho wa mwezi, Mama alipoachishwa kazi, akatupatia gari la shule litupeleke na vyombo vyetu Bokoli, kule Bungoma, kwa nyanya. Mwingine angefanya vibaya zaidi. Kabla sijamaliza darasa la nane Mama alikuwa haoni kabisa, nami nikaacha shule nimshike mkono.

Miaka mingi niliamini alijitwika kosa ili aniokoe. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba angenitaja, ingejulikana mtihani umeonwa na mtu wa nje, na ungefutwa. Nilimuuliza mara moja, tukipukuchua mahindi, siku ile alimfikiria nani kwanza, mimi au wasichana.

"Wasichana walikuwa wameshaandika nusu," akasema, akaendelea kupukuchua.

Nilidhani amekwepa swali. Sasa najua alijibu, ila jibu halikunihusu.