Mama Taa na jozi ishirini na tatu za balbu nyeupe

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mwanamke aliyevaa koti la kiume lililokatwa mikono anahesabu hatua kutoka ukutani. Ya kumi ikifika anaweka tofali chini na kumwashiria dereva wa teksi asogee.

"Njoo, njoo, njoo. Basi. Tairi ziguse hapo, usizidishe."

Ukuta wenyewe ni mgongo wa ghala la mbao, umepakwa chokaa. Anapima kimo cha taa za gari kwa ufito, anachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hichohicho, kisha mwingine shubiri moja chini yake. Taa zikiwashwa, mwanga unatakiwa ukomee kwenye mstari wa chini, usipande, utulie kama maji kwenye ndoo.

Kazi hii haifanyiki mchana. Jua likishatoka, ukuta hauonyeshi kitu. Ndiyo maana fundi huyu, ambaye gereji nzima inamwita Mama Taa, amekuwa akiamka saa tisa usiku kwa miaka kumi na tisa, na ndiyo maana saa tatu asubuhi macho yake huwa mekundu na watu humuuliza kama ana mafua.

"Mama Taa, mimi hizi za njano sizitaki," anasema dereva kabla hajazima injini. "Nipe zile nyeupe za kisasa. Hili gari sasa ni kama nimebeba mshumaa."

"Fungua boneti kwanza."

Dereva anafungua huku akiguna. Mama Taa hashiki balbu hata moja. Anachukua msasa na kusugua mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, palipojaa kutu. Anasugua vioo vya taa vilivyopauka kwa jua mpaka vinaanza kuonyesha ndani. Taa zinawashwa tena na mwanga umepanda, kwa balbu zilezile.

Ndipo anapotoa jozi mpya ya njano. Anaishika kwa kitambaa safi, hagusi kioo chake. Mafuta ya kidole yakibaki juu ya balbu ya aina hii, ikipata moto hupasuka kabla ya wakati wake. Anaifunga, anarekebisha kimo, anarudi nyuma kutazama. Mwanga umekaa chini ya mstari, ukingo wake umenyooka.

Dereva anainamisha kichwa kushoto, anakiinamisha kulia. "Imeongezeka. Lakini haijang'aa. Ya jirani yangu akiwasha, ukuta wote unakuwa mchana."

"Wewe huendi ukutani, kaka. Unaenda barabarani. Na barabarani kuna mtu anakuja upande wa pili."

"Huyo akiniwashia taa fuli nitajua ananisalimia," anasema dereva, akicheka peke yake.

Mama Taa hachekeshwi. Anamwambia kwamba nyeupe hafungi, na kwamba atamrudishia balbu zake za zamani kama hizi hazitaki. Dereva anachukua za zamani. Jua linapochomoza, teksi yake imesimama kwenye duka la vipuri la ng'ambo ya barabara, boneti juu, na mtu anampatia anachokitaka bila hata kutafuta ukuta.

Siku hii Mama Taa alipata gari hilo moja tu. Zamani alikuwa akifunga taa za magari manane kila alfajiri, foleni ikifika kwenye mtaro. Mwenye gereji amemwambia kwa adabu zote kwamba mwisho wa mwezi ataihitaji nafasi yake. Hakumlaumu. Nafasi isiyoleta magari ni ya nini kwake?

Ukweli usemwe: balbu nyeupe zenyewe hazina dhambi. Gari lililotengenezewa taa hizo kiwandani huzitumia vizuri. Shida ni kuzichomeka kwenye taa ya zamani. Ndani ya taa ile mna bakuli linalong'aa, na bakuli hilo limepimwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu ya njano uliokaa mahali pake. Ukiweka nyeupe, mwanga hautoki unakotakiwa. Unamwagika huku na huku. Dereva anaona mita chache mbele ya boneti kumekuwa kweupe pe, anafurahi. Mbali haoni kitu, na anayemkabili anatiwa kiwi.

Mama Taa aliyajua haya tangu kasha la kwanza la balbu hizo lilipofika mikononi mwake, miaka mitatu iliyopita.

"Nilizijaribu kwenye gari la bosi," anamwambia mwandishi wa makala haya, akikaa juu ya tairi kuukuu. "Mwanga ukapanda mpaka kwenye bati la ghala. Ukingo hamna. Mjomba aliyenifunza kazi angeniona nimezifunga angeninyang'anya bisibisi. Nikajua hazifai. Nikafunga."

Kwa nini?

"Wateja walizitaka. Mteja ananunua kile anachokiona pale ukutani. Mimi nilikuwa nainamisha taa kidogo, najiambia hapo imetosha. Haikutosha. Nilikuwa najua haitoshi."

Anayasema haya bila kuinua sauti, macho yakiwa kwenye msasa anaoukunja na kuukunjua. Ni wazi ameshajiambia mara nyingi.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Walikuwa wakitoka nyumbani pamoja, saa tisa na nusu, yeye kuelekea gereji, mume kwa baiskeli kuelekea kiwandani, kilomita saba, barabara isiyo na taa. Wakiachana kwenye kona walitaniana kwamba ndoa yao ni ya watu wasioonana mchana, mmoja akirudi mwingine amelala.

Alfajiri moja, miaka miwili sasa, mume hakufika kazini. Alikutwa chini ya kalvati, daraja dogo la mtaro, kichwa kwenye mawe, baiskeli juu yake. Gari lililomkabili halikumgusa, wala halikusimama.

Siku ya nne hospitalini alipoanza kuzungumza, mkewe alimuuliza aliona nini. Alijibu maneno mawili matatu. "Nyeupe. Kama mtu anachomelea vyuma. Nikakosa barabara."

"Nikakaa sakafuni," anasema Mama Taa. "Nesi akanipa kiti, akadhani ni njaa."

Jioni hiyohiyo alifungua daftari lake. Kila gari analolifunga taa huliandika: tarehe, aina, simu ya mwenyewe, kimo cha taa kutoka chini, balbu iliyoingia. Ni utaratibu aliorithi kwa mjomba, ili mteja akirudi asianze kupima upya. Mwezi ule alikuwa amefunga jozi ishirini na tatu za nyeupe. Magari kumi na moja kati ya hayo yalipita barabara ile kila siku kabla ya jua.

Aliwapigia wote kumi na mmoja. Aliwaambia kiwanda kilichotengeneza balbu zile kimeagiza zirudishwe, waje awabadilishie bure. Ulikuwa uongo, anakiri. Wanne walikuja. Wengine walisema zao hazina tatizo.

Kati ya wale wanne, mmoja hakushuka garini muda wote wa kazi. Alipomaliza, Mama Taa alijikaza akamuuliza kama alfajiri fulani hakumwona mtu wa baiskeli karibu na kalvati. Yule bwana aliwasha injini. "Kwani umeambiwa nini?" akasema.

"Nikamwambia sijaambiwa kitu. Akaondoka. Labda ni yeye. Labda hakupenda tu kuulizwa. Labda ni gari lililofungwa taa na mtu mwingine kabisa, mji mwingine. Sitajua mpaka nakufa. Hapo ndipo panaponimaliza, mwandishi. Ningejua kwamba siyo langu, ningelala. Ningejua ni langu, ningeanguka nikalia, yakaisha."

Tangu jioni ile hajafunga nyeupe kwenye taa isiyotengenezewa balbu hizo. Je, barabara imepona? Hata kidogo. Duka la ng'ambo huuza jozi nyingi kwa siku kuliko alizouza yeye kwa mwezi. Anapokwenda kazini alfajiri akikutana na mwanga ule, husimama pembeni, hufumba macho mpaka gari lipite. Anajua kukataa kwake hakujazuia hata taa moja. "Nimejipunguzia riziki tu," anasema. "Giza liko palepale, na weupe uko palepale."

Nyumba yao ina vyumba viwili. Cha mbele kina kitanda cha mume, kimesogezwa dirishani. Miguu haimbebi, mkono wa kulia hauna nguvu, na kila anachokitazama anakiona viwiliviwili. Mchana anahudumiwa na dada yake, wifi yake Mama Taa, mwanamke mcheshi ambaye ucheshi wote humtoka akianza habari ya ajali.

"Mimi namlaani dereva," wifi alimwambia mwandishi huku akipanga vikombe, "na namlaani fundi aliyemfungia taa zile. Huyo fundi ndiye aliyemmaliza kaka yangu hasa. Dereva hajui kitu. Fundi alijua."

Mama Taa alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Aliliinua akatoka nalo nje. Wifi hakugundua chochote. Anayasema maneno hayo kila wiki, na kila wiki anamsifu wifi yake kwa moyo wa kumtunza mgonjwa.

Mume mwenyewe hamlaani mtu. Alipoulizwa kama ana kinyongo, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Kinyongo na nani? Simjui. Ninachojua ni kimoja. Taa zile angefungiwa na mke wangu, saa hizi ningekuwa kazini."

Maneno hayo ameyasema mbele ya majirani, mbele ya daktari, mbele ya kila mgeni. Anajivunia mke fundi. Mara ya kwanza aliyasema siku aliyotolewa hospitalini, na Mama Taa, ambaye alikuwa amejipanga kumweleza kila kitu siku hiyo, akanyamaza. Amenyamaza miaka miwili.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza, wakisindikizana kwenda kona, kama sehemu hii iondolewe. Gazeti lina wasomaji wengi, na nyumba ni yake.

"Gazeti namsomea mimi," alijibu. "Kila siku saa kumi jioni. Yeye herufi zinamchezea. Anapenda habari za watu wenye kazi za mikono, huwa ananirudisha nyuma nisome tena. Hii ataniambia nianze juu, nisiruke."

Kwa hiyo iondolewe?

"Usiiondoe. Nimeshindwa kuisema kwa maneno yangu. Nataka niisome kwa yako. Na wifi awepo." Alifikiri kidogo. "Andika hivi: huenda ni mimi niliyemfungia yule dereva taa, na nilipozifunga nilijua."

Mwandishi aliandika kwenye daftari, palepale barabarani, akampa aone. Mama Taa alilisogeza daftari karibu na uso na kuanza kulisoma kwa sauti, taratibu, kama anavyomsomea mumewe. Alifika katikati, akakwama. Akaanza tena tangu mwanzo, akakwama mahali palepale.

"Umesema gazeti litatoka baada ya siku tatu," alisema, akirudisha daftari. "Zitanitosha kujifunza kuisoma mpaka mwisho."