Roketi Yenye Urefu wa Mkono Wangu

Harufu ya gundi ya mbao haijawahi kuniacha salama. Nikiinusa popote, hata kwenye banda la fundi viti, narudi Bertrams, Johannesburg, kwenye chumba chetu cha kupanga, mwaka 2015, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba amepiga magoti sakafuni na bomba la karatasi ngumu lililobaki baada ya jora la kitambaa kwisha. Mimi nimenyoosha mkono ili anipime.

Baba alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Utotoni mwake mjomba wake alimletea roketi ya kuchezea, nyekundu, yenye ncha nyeupe, nayo ikapotea familia ilipohama. Alichokumbuka kuhusu urefu wake ni kwamba ulilingana na mkono wake. Kwa kuwa mkono wa siku zile hakuwa nao tena, aliazima wangu. Alikata bomba, akachonga mabawa ya mbao nyepesi, akashona mwavuli wa kuishusha kutoka angani, wa bitana ya suti, kwa mishono midogo hata ungedhani ni nguo ya harusi. Injini, kijibomba cha baruti, aliinunua kwenye duka la vifaa vya michezo ya watoto.

Muda alikuwa nao. Wiki zile maduka ya wageni yalikuwa yakivunjwa mjini, kibanda chake kilikuwa kimefungwa, na mama alikuwa ametupiga marufuku kuongea Kiswahili barabarani. Nje ya nyumba msemaji nilikuwa mimi, kwa Kizulu changu cha shuleni. Baba, mtu wa maneno mengi, akitoka nje alikuwa bubu.

Mama hakutaka kabisa kuiona roketi ile. "Bantu bakisikia ile kintu inalia, batasema tuko na bunduki," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi. "Na ikichoma mutoto ya bantu, tutajificha wapi?"

Baba hakuinua macho kwenye sindano. "Itapanda yulu mara moja tu. Basi."

Jumamosi asubuhi tuliitoa ikiwa imefungwa kwenye taulo kama mtoto mgonjwa. Mwisho wa mtaa palikuwa na kiwanja cha nyasi, na kando yake barabara ambako teksi hupita kama zinafukuzwa. Watoto walikuwa wakicheza mpira humo humo barabarani, akiwemo Thandi, mjukuu mdogo wa jirani yetu, bibi ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo. Baba alichomeka waya ardhini, akaitundika roketi. Kiberiti kiliwaka, kikazimika, kikawaka, kikazimika. Wanaume waliokaa ukutani wakila maandazi waliacha kutafuna. Mimi, nisiwadanganye, niliomba Mungu utambi ukatae turudi nyumbani.

Utambi ukashika. Baba akarudi nyuma mbio, na hapo akaisahau amri ya mama.

"Moto!" alipaza sauti. "Moto! Moto!"

Sasa, kwa Kizulu, imoto ni gari. Watoto wale walisikia kwamba gari linakuja, wakafanya kama walivyofundishwa: wakatimka kutoka barabarani. Wengi walirukia upande wa nyumba. Thandi, aliyekuwa upande wetu, alikimbilia kwenye nyasi, moja kwa moja kuelekea roketi. Baba alikuwa mbali; nilimwona akigeuka kuurudia moto wake mwenyewe, na usoni hakuwa na damu hata tone.

Mimi nilikuwa karibu zaidi. "Umlilo!" nilipiga kelele, maana hilo ndilo neno lao la moto. Thandi akasita, nikamkumba, tukaanguka wote. Kitu kikalia fyuuu juu yetu. Nyuma yetu teksi ikapita kwa kasi pale pale mpira ulipokuwa, nayo haikupunguza mwendo. Nilipoinua kichwa, roketi ilikuwa angani, mwavuli umefunguka, na upepo ukaupeleka nyuma ya ukuta wa Gogo.

Nilijua tumekwisha. Wanaume waliteremka ukutani. Thandi alikuwa akilia. Geti likafunguliwa, Gogo akatoka na roketi mkononi, akaniuliza ni nani aliyekuwa akipiga kelele. Nikamwonyesha baba kwa kidole.

Gogo alimfuata baba, akamwambia kwa Kizulu cha polepole kwamba yeye alikuwa nyuma ya ukuta, alimsikia akiwaonya watoto kuwa gari linakuja, na kwamba bila yeye teksi ile ingemgonga mjukuu wake. Kisha akamkabidhi roketi. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda. "Ngiyabonga, Gogo," alisema. Asante, Bibi. Wanaume wakarudi kwenye maandazi yao.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho: baba yangu asiyejua Kizulu, anashukuriwa kwa gari, yeye anadhani anasifiwa roketi. Wageni walicheka sana. Siku moja nilikisimulia naye akiwepo sebuleni. Alingoja kicheko kiishe.

"Nilielewa yote, mwana," alisema. "Njo maana sikuinua kichwa mbio."

Ndipo nami nikaelewa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliona mtu mzima akitoa heshima kwa bibi. Baba yangu alikuwa amesimama pale akingoja kupigwa mbele ya binti yake, na badala yake akaambiwa asante, na machozi yakamtoka, naye hakutaka niyaone.