Nilivyoanza kufua visu kwa makaa ya boila, hadi baba mkwe akashika mvukuto

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, salamu kwenu nyote, mlio Kericho, mlio Bomet, na nyinyi wa mbali ambao gazeti huwafikia likiwa limeshafungiwa sukari.

Juzi ndugu mmoja aliuliza hapa kama mtu ambaye hakuzaliwa na wahunzi, na mfukoni hana kitu, anaweza kujifunza kufua visu kwa kujifurahisha tu. Waliomjibu walimvunja moyo. Mimi nimeshindwa kunyamaza, kwa hiyo nafungua mjadala wangu.

Nitakayosema ni ya kweli tupu. Mke wangu anajua kusoma, na nikitia chumvi ataniaibisha mbele yenu.

Mimi ni mtu wa kutoka ziwani. Kazi yangu ni kuchochea moto wa boila katika kiwanda cha majani chai, katika shamba moja jipya huku Kericho ambako visiki vya msitu bado vinatoa moshi. Natupa kuni, natoa majivu, natupa kuni tena. Nikitoka shifti hata nyusi zangu zinanuka moshi.

Mngedhani mtu kama huyo akitoka kazini atakimbia moto. Mimi nikitoka naenda kuwasha mwingine. Huu ni ugonjwa, wakuu, na sitaki dawa.

Ulianza hivi. Kule kiwandani kuna vyuma vingi vinavyotupwa nyuma ya stoo, na kila nikivipita naona visu ndani yake. Naona makali, naona mpini, naona nikikata nyama mbele za watu. Siku moja nikaokota ule utepe wa bati unaofungia masanduku ya chai, nikaukata, nikaunoa kwenye jiwe, nikaufungia kijiti. Nikaita majirani wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, waje waone.

Kilipinda kwenye ugali.

Si kwenye mfupa, si kwenye kuni. Ugali, tena wa jioni, laini kabisa. Majirani walicheka mpaka mmoja akamwaga mchuzi wake. Mimi nikacheka pia, lakini moyoni nikasema lazima nijue hiki kitu.

Sasa sikilizeni habari ya vifaa, maana hapo ndipo wengi wanaogopa.

Fuawe yangu ni gurudumu la meno la mashine ya kusokota majani. Lilivunjika, fita, yule fundi wa mashine, akaniruhusu nilichukue kwa sharti kwamba nilibebe mwenyewe. Nililibeba, na mgongo wangu unalikumbuka. Nyundo niliipata haina mpini, nikaitia. Koleo nilizitengeneza kwa nondo mbili, zinauma upande mmoja tu, lakini zinauma.

Makaa? Hapo nacheka. Mimi si ndiye ninayetoa majivu ya boila? Ndani ya majivu kuna vipande vya kuni vilivyoiva vizuri na kuzimika. Kila siku vilikuwa vinamwagwa korongoni. Nikaomba ruhusa, nikapewa, na tangu hapo sijawahi kukosa makaa.

Mvukuto ni ngozi ya mbuzi na bomba la udongo. Unavuja, na unatoa sauti ambayo siwezi kuieleza gazetini.

Chuma nilichukua pete ya gurudumu la gari la ng'ombe. Nene, nzito, nikaona huu ni utajiri. Nikaifua siku nyingi, nikapata kisu chenye sura ya kisu. Nikakichoma, nikakitumbukiza majini kigumuke. Hakikugumuka. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka maji yenyewe yakawa ya kuoga. Kikabaki laini, ukikigonga mezani kinainama kama kinakusalimia.

Ndipo nikatembea hadi upande wa Boito kumtafuta mhunzi anayeitwa arap Tonui.

Hapa lazima niwaeleze wageni. Kwa Wakipsigis kazi ya chuma ni ya ukoo. Baba anafua, mwana anafua, na mtu wa kuja haingii tu akasema nifundisheni. Nyundo yake huruki. Mvukuto wake mwanamke hagusi. Na ukimwibia mhunzi, huko watu watakuonea huruma kabla hata hujaugua.

Arap Tonui ni mtu mfupi, mcheshi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Alikigeuza kisu changu, akakipinda kwa vidole, akanirudishia.

"Hii chuma nalala," akasema. "Hata upige namna gani, haiamki. Tafuta springi ya lori."

Nikamwomba anifundishe.

"Mimi sifundishi mtu. Lakini hii mvukuto nataka mtu ya kuvuta. Kama macho yako naona kitu, hiyo ni maneno ya macho yako."

Basi kila nilipokuwa na nafasi nilienda Boito kumvutia mvukuto, na macho yangu yakawa yanafanya maneno yao. Nilifaidi sana, wakuu. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima, mikono imelegea hata kufungua mlango siwezi.

Springi nikaipata kwa dereva mmoja ambaye lori lake lilikatika springi kwenye mashimo ya huku. Barabara zetu zikinyeshewa ni matope, zikikauka ni mawe, na kwa mpenda visu zote ni baraka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kosa la mchochea boila. Sisi kazini moto mkubwa ndio moto mzuri. Moto ukipungua kidogo bosi anasikika mpaka kwenye miche. Kwa hiyo nilipochoma springi yangu ya kwanza pale kwa arap Tonui, nilivuta mvukuto kama nakausha majani ya shamba zima. Chuma kikawa cheupe, kikaanza kutoa cheche nzuri ajabu. Nikafurahi. Nikakiweka kwenye fuawe, nikapiga mara moja, kikamomonyoka kama mkate mkavu.

Arap Tonui alikaa chini kabisa.

"Chuma si poila," akasema. "Poila nataka kula. Chuma nataka kuota moto tu, kama mzee."

Tangu siku hiyo nikajua rangi ninayoitafuta ni wekundu wa kaa linaloanza kufa, si weupe. Ukifika kwenye weupe umeua chuma.

Sasa anaingia mke wangu, Akinyi.

Akinyi alinifuata huku shambani kabla mambo ya kwao hayajakamilika. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wamefika kwa baba yake, lakini mzee hakuridhika. Alisikia huku watu wanachuma majani, akauliza, mwanamume mzima anachuma majani ya nini? Baba yake huchonga vile viti vya miguu mitatu, na swali lake kwa kila mtu ni moja: mkono wake unajua nini?

Akinyi, kwa kunipenda, akamtumia ujumbe kwamba mume wake ni fundi wa visu.

Wakuu, wakati huo fundi mwenyewe alikuwa na kisu cha kuinama na vipande vya mkate wa chuma.

Jibu likarudi upesi. Mzee anakuja. Atachinjiwa kondoo kwa kisu cha mkono wa mkwe wake, na akiona ni uongo, ataondoka na binti yake.

Nilimuuliza Akinyi kwa nini hakusema tu nachochea boila. Akasema, "Si nilisema ile kitu unapenda?" Nilienda kuwasha moto.

Nilifua kama mwenye wazimu. Safari hii chuma kilikubali. Nikakipa umbo, nikakichoma hadi wekundu ule, nikakizimisha ndani ya mafuta ya kondoo, nikapitisha tupa juu yake, tupa ikateleza. Kuteleza maana yake kimegumuka. Nilikimbia kuzunguka laini nikiwa nimeshika tupa, watu wakadhani kuna nyoka.

Nikakirudisha motoni taratibu mpaka kikawa rangi ya asali, ili kisivunjike. Nikakinoa, nikakitia mpini wa mzeituni wa msituni. Kikakata unywele. Unywele wangu, wa jirani, na wa mtu mmoja aliyekuwa anapita.

Kilibaki kupakwa mafuta kisishike kutu, na mafuta yote nilikuwa nimeyaunguza. Kulikuwa na debe la chai nyeusi, lile vumbi la kiwandani tunalochemsha hadi linakuwa chungu. Nikafikiri, kama chai inazuia usingizi, pengine inazuia na kutu. Nikakitumbukiza humo, nikaenda shifti.

Niliporudi asubuhi kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Nilikisugua, weusi hautoki. Nusura nilie. Halafu nikakigeuza kwenye mwanga, wakuu, nikaona uzuri ambao hata sikuutafuta. Weusi mtulivu, na makali meupe chini yake. Nikakipeleka Boito mbio. Arap Tonui akakitazama muda mrefu, akakitemea mate kidogo, ndiyo baraka yao, akaniuliza chai yenyewe niliitia maziwa au la.

Siku ikafika. Mzee akaja na ndugu zake wawili, na kiti chake mwenyewe. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mno. Unainamisha macho, unasema polepole, na kumwamrisha ni jambo ambalo halipo. Nikachinja kondoo. Kisu kikapita kama kwenye maziwa ya mgando. Nikachuna, nikakata viungo, hakikukwama popote. Akinyi, aliyekuwa anachungulia kutoka jikoni, akaanza kuimba.

Mzee akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akakigeuza. Akakinusa. Akapitisha kidole kwenye ule weusi.

"Hiki kimekata nyama kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Hiki ni cha mzee fulani. Umekinunua."

Nikamweleza habari ya chai. Nilijisikia nikieleza, na hata mimi nisingejiamini.

"Mtu ananunua kisu anasema ni chake," akasema, "kesho atasema nini kingine ni chake? Akinyi, kusanya vitu."

Wimbo ukakatika.

Akinyi akatoka jikoni akasema, "Baba, akutengenezee kingine. Hapa hapa. Ukae uone."

Mzee akatazama kiti chake, akakivuta hadi kwenye fuawe yangu, akakaa.

Mvua ya huku mnaijua, mchana lazima ije, na siku hiyo iliwahi. Nikafunga gunia juu ya moto. Jirani anayenivutia mvukuto alikuwa shifti. Akinyi akasogea ashike, nikamzuia. Arap Tonui aliniomba jambo moja tu, hata mvukuto wangu usiguswe na mwanamke, na siwezi kula ujuzi wa mtu kwa macho halafu nimvunjie mwiko. Ndugu wa mzee wakatazama pembeni.

Basi mzee mwenyewe akashika mvukuto.

Alivuta kwa nguvu za miaka yote aliyochonga mbao. Ngozi ikalia ile sauti yake, ndugu zake wakaficha nyuso. Kipande changu cha mwisho cha springi kikawa chekundu, kikawa cha manjano.

"Polepole, baba," nikasema chini chini. Hakusikia, mvua ilikuwa kubwa. "Baba, polepole kidogo." Anavuta tu, anafurahia. Chuma kikakaribia kutoa cheche ya kwanza.

"Acha!" nikapiga kelele. "Toa mkono! Utaniulia chuma!"

Hata mvua niliona kama imesimama.

Akinyi akafunika uso. Ndugu wawili wakasimama. Mimi nilikuwa nimeshachomoa chuma, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha haribikiwa, nikaona nipige tu. Nikapiga mpaka kikawa na ncha na tumbo, nikakirudisha motoni hadi wekundu ule, nikakizimisha kwenye mafuta ya kondoo yule yule tuliyemchinja. Kilitoka kimepinda kuelekea kushoto kama mtu anayechungulia kona. Nikakinoa kidogo, nikakata kipande cha ngozi. Kikakata.

Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili, macho chini.

"Aliyenunua kisu," mzee akawaambia ndugu zake, "hawezi kunifokea kwa sababu ya chuma. Mimi nikichonga, hata chifu akinikanyagia mbao nitamfokea."

Akakaa tena kwenye kiti chake, mikono myeusi kwa makaa, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama anaweza kuvuta tena, polepole.

Nilimpa kile cheusi kizuri aende nacho. Akakataa. Akafunga kile kilichopinda kwenye nguo yake.

"Hiki nimekiona kikizaliwa," akasema. "Kile kingine baki nacho. Na huyu pia baki naye."

Akinyi alirudi jikoni akaanza wimbo wake pale pale ulipokatika. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikaruka ruka peke yangu kwenye mvua. Sioni aibu kuwaambia.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, jibu langu ndilo hilo. Usingoje vifaa. Chuma kizuri kimetupwa karibu na wewe, makaa yako kwenye majivu ya mtu, na mwenye ujuzi akikataa kukufundisha, mwombe umvutie mvukuto. Ukiona cheche, umechelewa.

Uwanja ni wenu sasa. Anayejua kunyoosha kisu kilichopinda baada ya kuzimishwa aandike, na mwenye debe la chai ajaribu atueleze. Na kama kuna anayejua namna ya kumwomba msamaha mkwe ambaye hakukasirika, huyo asikawie, maana mzee ametuma habari kwamba anarudi, na safari hii anakuja na mvukuto wake.