Siku Faustin Alituambia Tushuke

Harufu ya pine ya gari yenye kuzunguka mu potopoto, mu matope, bila kutoka, ile ya mupira kuungua pamoja na majani mabichi, ikinifikia hapa soko ya Bunia, naachia jirani nyanya zangu na ninaenda kutapika nyuma ya kibanda. Wanasema niko na ugonjwa ya tumbo. Siko mugonjwa. Nyinyi wenye kunisoma nitawaambia, na majina nitataja.

Papa yangu alikuwa shofere wa pikapu moja ya rangi ya maziwa. Haikukuwa katre-katre, ile ya kusukuma na pine zote ine; pine mbili za nyuma tu njo zilikuwa zinasukuma. Papa alisemaka, "Gari hii inatembea na matako." Ikiwa bure nyuma, iliteleza sawa mulevi. Ikiwa na uzito juu ya pine, ilipita hata pasipo barabara, mu majani, mu mashamba ya muhogo. Siku mizigo ilikosekana, mizigo ilikuwa siye: mimi na Koko, mama yake Papa, mwenye mapaja manene. "Koko, weye njo katre-katre yangu," Papa alimuchokoza, na Koko alimutupia ganda ya ndizi.

Faustin, kijana wa kijiji yetu, aliyajua hayo yote. Ni Papa alimufundisha kuendesha, mu pikapu ile ile. Alikulaka kwetu. Akichelewa, Mama alimufunikia sahani.

Vita ilipofika mu kijiji yetu tulitoroka asubuhi, siye na majirani sita nyuma ya pikapu, tukielekea Bunia. Mbele tukaona miti imelazwa barabarani na watu wenye mapanga. Papa akakata kushoto, akaingia mu majani marefu. Yalipiga ubavu ya gari sawa fimbo. Tukavuka shamba, tukashuka mu bonde, na kule chini, karibu ya kijito, pine za nyuma zikazama.

"Mutu asishuke!" Papa akapiga kelele kupitia dirisha. "Mukalie pine! Mukishuka, tumekufa!"

Tukabanana wote nyuma. Gari ikaanza kupanda, kidogo kidogo. Njo tukasikia sauti toka juu. Ni Faustin, na panga ku mukono, na wenzake nyuma yake. Hakukimbia. Aliita pole pole, sawa mutu wa nyumba:

"Bamama, mushuke tu! Siye tunatafuta shofere. Mwenye kushuka hatumugusi. Mama Furaha, si mimi Faustin, mutoto wako? Shuka, mama."

Furaha ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Majirani waliruka, wote sita. Gari ikakuwa nyepesi, pine zikazunguka bure, moshi ikatoka, potopoto ikanipiga mu macho. Muzee Anselme aliinua mikono kusema aksanti, na panga ya Faustin ikamukata shingo neno haijaisha. Muke yake walimukata akiwa amepiga magoti. Ile sauti ni sawa kukata mugomba: iko na maji ndani.

Na Mama akaruka.

Nililia, Koko akanilalia na mwili yake yote. Chini ya kwapa yake nikaona Mama amesimama mu potopoto na jupo nyeupe tu, ile nguo ya ndani, bila kikwembe ya kujifunga kiunoni, mbele ya wanaume. Nikasikia haya. Munaona akili ya mutoto? Watu wanachinjwa, mimi nasikia haya juu ya jupo.

Halafu pine ikashika. Gari ikaruka, ikapanda. Nilipiga kabini na ngumi: "Papa, simama! Mama iko chini!" Hakusimama. Nyuma yetu Faustin alikuwa amekwisha kumufikia. Panga ilipanda mara tatu.

Tulipofika Bunia, Papa alilala chini ya gari na kisu, akakatakata kikwembe ya Mama, ile ya ndege za kijani, yenye ilijizungusha ku pine ya nyuma. Akaikunja na potopoto yake. Mpaka siku alikufa hakunielezea kikwembe ile. Mimi nilizania wauaji njo walimuvua, ikanaswa ku pine yenyewe. Na nilimuchukia Mama, miaka mingi, juu alimuamini Faustin, juu alishuka akatuacha.

Nilikuwa nimezaa watoto wawili wakati akili ilinifungukia. Kikwembe haiingiake chini ya pine yenyewe. Mama hakushuka sababu Faustin alimuita. Alishuka kuitandika, na Papa alimuona mu kioo. Kama Papa angesimama, tungezama tena, na kikwembe ilikuwa moja tu.

Faustin iko hapa Bunia. Ananisalimiaka, "Dada, habari ya soko?" Ku kanisa wananiambia nimusamehe. Muzee Anselme, muke yake, wale wengine wane, Mama: hao kila mutu anajua ni nani aliwaua. Lakini ile miaka nilimuchukia mama yangu, hiyo hakuna mwenye kuihesabu. Njo naiandika hapa, chini ya jina ya Faustin, pamoja na hao saba.